Maji Saba

Somoe Chipindula amerudisha kopo.
"Vinanuka msumari," anasema,
"na choo kimekuwa cheusi kama masizi ya mafiga.
Nipe vingine, dokta, au niache na udongo wangu."
Mimi si dokta. Mimi ni wa dirisha la dawa.
Udongo wake umefungwa kwenye pindo la kitenge,
vipande vitatu vyekundu, kavimega mwenyewe
ukingoni mwa Shimo la Mungu.

Kadi inasema: damu nane nukta moja.
Kadi inasema: mimba, miezi sita.
Foleni inasema: harakisha.

Nachana boksi la glovu, nageuza upande mweupe, nachora.

Udongo wako una chuma, sikatai.
Ndicho kilichoupaka rangi.
Barabara ya Tandahimba yote ni chuma,
mashuka ya wodi hii yameshiba chuma
na hakuna aliyepona kwa kuyalalia.
Hicho ni chuma cha tatu, kimepoteza elektroni tatu,
kimekamatana na oksijeni
kama ngumi ya mtoto aliyelala na sarafu.
Utumbo unabisha hodi, ngumi haifunguki.

Cha kidongeni ni chuma cha mbili.
Tofauti ni elektroni moja,
moja tu, Somoe,
kitu ambacho hata mzani wa korosho
haujui kukiiba.

Sasa tazama kinavyokaa kwenye fuwele.
Katikati, chuma.
Juu maji, chini maji,
kulia, kushoto, mbele, nyuma:
sita, na kila moja yamekigeuzia uso wa oksijeni.
Pembeni salfeti, salfa moja na oksijeni nne,
haikigusi chuma, inakaa kama jirani mwenye deni.
Na kati yao yamesimama maji ya saba,
yameshika mkono huku na huku.

"Maji saba!"
Ndiyo mara yake ya kwanza kucheka.
"Na sisi Newala ndoo tunanunua.
Nani kakigawia hicho?"
"Muulize bomba lake liko wapi," anadakia wa nyuma,
na foleni yote inaangua kicheko, hata mkunga.

Nangoja kitulie.
Kiwandani hukikausha, nasema, hukiachia kiasi kidogo.
Ukimeza, maji ya gilasi yako hukizunguka upya.
Sita tena. Ya kununua. Yako.

Huo weusi ni chuma kilichokosa mlango, usiogope.

Na kaza kifuniko.
Shuleni tulikuwa na chupa ya fuwele hizo,
kijani cha embe changa karibu na kikonyo.
Mwalimu Nandonde akaenda likizo, kizibo kimelegea.
Tuliporudi, ukoko wa kahawia:
hewa ilikuwa imechukua ile elektroni moja
na dawa imeanza kuwa barabara.
Mchumia juani hulia kivulini, wanasema.
Chuma chako nacho kilale kivulini.

Usimezee chai ya rangi, ukakasi wake hukinasa.
Kamulia ndimu.
"Na bibo je?"
Bibo. Bibo lina uchachu wa ndimu
na ukakasi wa chai ndani ya tunda moja.
Miaka mitatu nimekaa chuoni,
hakuna aliyenifundisha bibo.
"Basi hawajakufundisha," anasema, bila ubaya.

Nachora cha mwisho, kona imebaki ndogo.
Chuma kikifika kwenye damu, nafasi zake ni sita zilezile.
Nne zimeshikwa na naitrojeni, duara bapa kama ungo.
Ya tano imeshikwa kwa chini.
Ya sita wameiacha wazi.

"Wamesahau?"

Hawajasahau. Ndipo pumzi inapokaa.
Inapanda hapo kifuani mwako,
inashukia kwa huyo.

Anakitazama kile kiti kitupu kwenye boksi la glovu
muda mrefu kuliko foleni inavyoruhusu.
Anachukua kopo, anaomba na mchoro.
Vyote anavifunga kwenye pindo la kitenge,
pamoja na udongo.

Nimeuona. Sikusema.
Anayefuata.